Taa za Trela Zinapogoma: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu na Kuirekebisha

Dereva wa trela hazioni taa zake za nyuma. Anayeziona ni yule anayemfuata: bodaboda anayepanda kutoka Changamwe kwenda Miritini, matatu ya Mazeras, basi la usiku la Nairobi. Zikizimika, mwenye trela hana habari. Aliye nyuma ndiye hugundua, na pengine anagundua akiwa hana tena nafasi ya kushika breki. Kwa hiyo taa ya trela iliyokufa si jambo la kusema "nitaiangalia nikifika Mariakani". Itengeneze kabla ya kutoka getini.

Hapa Mombasa, trela ikigoma kuwaka taa, watu wengi hukimbilia kununua balbu. Mara nyingi balbu haina kosa. Hitilafu iko kwenye viungo: pini za plagi, bolti ya erthi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), soketi ya balbu, au mahali fundi fulani aliposokota nyaya mbili na kuzifunga tepu. Chanzo chake ni chumvi. Trela zinakaa foleni Kilindini na Shimanzi zikipigwa na upepo wa bahari, zinavuka Makupa, nyingine zinapanda feri ya Likoni. Unyevu wenye chumvi unaingia ndani ya plagi, shaba inafanya kutu ya kijani, na umeme unakosa njia. Msimu wa masika, kuanzia Aprili, mvua inamalizia kazi iliyoanzwa na chumvi.

Mwongozo huu unahusu hasa trela za makontena, zinazotumia volti 24. Mwenye trela ndogo ya kuvutwa na pikapu, au ya kubebea boti kule Mtwapa, atafuata hatua hizihizi, ila umeme wake ni volti 12 na mpangilio wake wa pini ni mwingine. Nitautaja.

Vifaa vya kuwa navyo

Mita ya kidijitali ya bei ya kawaida inatosha. Pamoja nayo tengeneza kifaa kimoja ambacho mimi nakithamini kuliko mita: balbu ya wati 21 ya volti inayolingana na gari lako, ndani ya soketi yake, ikiwa na nyaya mbili ndefu zenye vibanio vya meno. Tafuta pia waya mmoja mrefu wenye vibanio pande zote mbili, brashi ndogo ya waya, msasa laini, bisibisi, spana, dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, na vaselini au grisi ya umeme. Kwa kuunganisha, nunua viungio vya kubana kwa koleo na mipira inayonywea kwa moto, ile yenye gundi ndani. Tepu nyeusi iwe ya kushikilia nyaya tu. Kwenye joto letu gundi yake inayeyuka, tepu inafunguka, na maji yanaingia.

Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka vigingi kwenye magurudumu, na zima injini kabla ya mtu kuingia chini. Ukilazimika kusimama barabarani, toa vibao vya pembetatu na uviweke mbali nyuma ya trela, si pale karibu na bampa.

Hatua ya kwanza: andika unachokiona

Usiguse kitu bado. Mmoja akae kwenye kichwa, yaani gari linalovuta trela, mwingine asimame nyuma ya trela na kuita taa moja baada ya nyingine: "Mzee, breki! Achia. Kushoto! Kulia! Paki! Rivasi!" Anayeita aandike anachoona kila kona, hata kwenye karatasi ya sigara. Kisha rudieni taa mbili kwa pamoja: paki na indiketa, halafu paki na breki. Kuna hitilafu ambazo hazionekani mpaka taa mbili ziwake pamoja, na hizo ndizo zinazowapotezea mafundi siku nzima.

Unachokiona kinakuelekeza. Taa zote zimekufa kwa mpigo? Shuku plagi, au erthi kuu. Upande mmoja wa paki umezima na mwingine unawaka? Angalia fyuzi ya upande huo kwenye kichwa, kwa sababu kwenye magari makubwa mengi paki ya kushoto na ya kulia zina njia mbili tofauti. Kona moja pekee ina shida? Hapo ndipo balbu au soketi yake inapostahili kushukiwa. Indiketa inapepesa haraka kuliko kawaida maana yake balbu moja ya mstari huo haivuti umeme. Na ukiona mambo ya ajabu, kama vile taa ya paki kupepesa ukiwasha indiketa, au breki ikikanyagwa paki zinafifia, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya erthi hapa chini.

Hatua ya pili: kosa ni la kichwa au la trela?

Watu hulala chini ya trela saa mbili wakitafuta kosa ambalo liko kwenye kichwa. Njia ya haraka ni kubadilishana. Kwenye yadi hapakosi trela nyingine nzima: chomeka kebo yako huko. Ikiwaka vizuri, kichwa na kebo ni vizima, rudi kwenye trela yako. Isipowaka vilevile, trela haina kosa. Kumbuka kebo yenyewe ni kitu cha tatu. Jaribu kebo ya mwenzako kabla ya kuhukumu kichwa, maana ile kebo ya kusokota ndiyo inayovutwa na kukunjwa kila kona, na nyaya zake hukatikia ndani, karibu na shingo ya plagi, bila ngozi ya nje kuonyesha chochote. Ishike shingoni, itikise taa zikiwa zimewashwa. Zikipepesa, umeshapata.

Pasipo trela nyingine, pima kwenye soketi ya kichwa. Ile ya kawaida ya pini saba ya volti 24 imepangwa hivi: pini 1 ni erthi, waya mweupe, 2 ni paki ya kushoto, mweusi, 3 ni indiketa ya kushoto, njano, 4 ni breki, nyekundu, 5 ni indiketa ya kulia, kijani, 6 ni paki ya kulia, kahawia, 7 ni buluu, wa kazi ya ziada. Kwenye trela ndogo za volti 12 zenye pini saba za mtindo wa Ulaya, erthi iko pini 3, indiketa ya kushoto ni 1, ya kulia ni 4, paki ya kulia ni 5, breki ni 6, paki ya kushoto ni 7, na pini 2 ni taa ya ukungu. Namba zimechongwa kwenye plastiki kando ya kila pini, zitazame kwa tochi. Amini namba kuliko rangi. Trela iliyopita mikononi mwa mafundi wengi unaweza kuikuta na waya wa njano ukifanya kazi ya breki.

Magari mapya mengi yana soketi moja ya pini 15 inayobeba mambo yote ya taa. Njia ya kupima ni ileile, ila erthi iko pini 4.

Sasa sikiliza hili vizuri. Mita peke yake inaweza kukudanganya. Inavuta umeme mdogo mno, kiasi kwamba waya uliobaki na uzi mmoja tu wa shaba bado utaonyesha volti 24 kamili. Unaona 24, unasema umeme upo, unanunua balbu, na taa haiwaki. Ule uzi mmoja, ukiwa umeliwa na kutu, unaweza kushindwa kupitisha umeme unaohitajika kuwasha taa. Ndiyo maana nimesema utengeneze balbu yenye nyaya. Bana waya mmoja kwenye pini ya erthi, gusisha wa pili kwenye pini unayoipima, na mwenzako awashe taa hiyo. Balbu ikiwaka kwa nguvu, njia ni nzima. Ikififia au isipowaka, njia ina kidonda hata kama mita imesema vingine. Balbu ikiwa bado inawaka, weka mita kwenye pini zizo hizo: kama betri inatoa 25 na hapa unaona 19, volti sita zimepotelea mahali fulani kabla ya kufika hapo.

Plagi na soketi

Kabla ya kupima lolote zaidi, safisha. Fungua plagi, usiishie kutazama mdomo wake. Nyuma ndiko skrubu za nyaya zinakolegea na ndiko kutu ya kijani inakojificha. Kwangua pini kwa brashi na msasa, pulizia dawa, acha ikauke. Pini zilizopasuliwa katikati hujibana kadiri miaka inavyokwenda: zipanue kidogo tu kwa ncha ya kisu chembamba, zishike vizuri ndani ya matundu yake. Waya ukiwa mweusi au wa kijani mpaka ndani ya ngozi yake, ukate nyuma mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Kama haufiki, badilisha kipande kizima. Paka grisi nyembamba, kaza skrubu, rudisha.

Tazama pia kifuniko cha soketi. Springi yake ikifa, mdomo unabaki wazi kuelekea juu, na mvua ya usiku mmoja inaujaza. Trela ikikatwa, kebo isiachwe ikining'inia au kulala sakafuni nyuma ya kichwa. Ina mahali pake pa kuchomekwa.

Ile plagi nyingine, ya breki za kielektroniki, iache ilivyo. Usichukue umeme wa taa kutoka huko hata kama ni kwa siku moja. Inahusika na kusimama kwa trela.

Erthi: hapa ndipo penye kazi

Umeme ukifika kwenye taa lazima urudi. Njia ya kurudi ikiziba, unatafuta nyingine, na huipata kupitia balbu za jirani. Ndiyo sababu unawasha indiketa na paki inapepesa: umeme wa indiketa unarudi kupitia waya wa paki. Fundi asiyejua hili atadhani nyaya zimechanganywa na ataanza kuzikata, na baada ya hapo kweli zitakuwa zimechanganywa.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua waya mrefu wenye vibanio, bana upande mmoja kwenye negativu ya betri ya kichwa, au kwenye chuma safi cha chesisi yake, na upande wa pili kwenye erthi ya taa yenye shida. Taa ikirudi kung'aa na maajabu yakakoma, umepata jibu bila kukata hata waya mmoja.

Ukitaka kujua kosa liko wapi hasa, washa taa, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye erthi ya taa na nyingine kwenye pini ya erthi ya plagi. Njia nzima itasoma chini ya nusu volti, na ikiwa safi sana itakuwa karibu sifuri. Ukiona volti moja, mbili au zaidi, kuna kiungo kibovu kati ya sehemu hizo mbili. Sogeza ile ncha ya upande wa taa kiungo baada ya kiungo kuelekea plagi. Pale usomaji utakaposhuka ghafla, kiungo ulichokiruka sasa hivi ndicho kibovu.

Kukitengeneza, fungua bolti, kwangua rangi na kutu mpaka chuma cheupe, pande zote mbili. Weka pete mpya ya shaba iliyobanwa sawasawa kwenye waya, washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi au rangi juu yake. Rangi huja mwisho. Nimeona bolti nyingi zilizopakwa rangi maridadi chini ya pete, yaani zimezibwa kwa mkono wa aliyekusudia kuzilinda.

Bora zaidi, pitisha waya wa erthi kutoka pini ya plagi hadi kwenye kila taa ya nyuma, usitegemee chesisi peke yake. Tumia milimita za mraba 2.5 kwa erthi na 1.5 kwa nyaya za taa. Wapo wanaotegemea pini kuu ya trela na sahani ya kichwa inayoishika kurudisha umeme. Pale pamejaa grisi, na lazima pawe na grisi. Leo taa zitawaka, kesho kwenye kona ya Kibarani zitazima. Kwenye trela ndogo ni vivyo hivyo kwa ule mpira wa chuma wa kuvutia.

Fyuzi inayokatika kila mara

Hesabu kwanza. Balbu ya wati 21 kwenye volti 24 inavuta karibu ampea 0.9, kwenye volti 12 inavuta 1.75. Taa mbili za breki za trela hazifiki ampea mbili kwenye gari kubwa. Kwa hiyo fyuzi ya ampea 10 inayokatika haikatiki kwa udogo wake. Kuna waya unaogusa chuma. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au msumari, au karatasi ya sigara, ni kuhamishia moto kwenye nyaya, na nyaya hizo zinapita karibu na mabomba ya upepo wa breki na matairi.

Badala ya kuchoma fyuzi sanduku zima, tumia ile balbu ya wati 21. Toa fyuzi, bana waya mmoja kila upande wa tundu lake. Nenda nyuma utoe balbu zote za mstari huo, na kama ni za LED zichomoe, ili kisibaki kitu halali kinachovuta umeme. Washa. Kama balbu yako inawaka kwa nguvu zake zote, shoti bado ipo. Chomoa plagi ya trela: ikizima, shoti iko kwenye kebo au trela, ikiendelea kuwaka, iko kwenye kichwa. Rudisha plagi, acha balbu iwake mahali unapoiona, kisha tembea na mstari wa nyaya ukizitikisa na kuziinua. Ukigusa penye kidonda, balbu itafifia au kuzima. Unaweza kufanya hivi siku nzima bila kuchoma fyuzi hata moja.

Anzia mahali panapojulikana. Tundu la chesisi lisilo na mpira, ambapo waya umesuguliwa na chuma. Karibu na springi na ekseli, ambako kebo iliyolegea inagusa kinachocheza. Pembeni ya kufuli za kontena, maana kontena likishushwa vibaya kona yake inabana taa za ubavuni na waya wake. Vishikio vya madigadi nyuma. Na ndani ya taa yenyewe, lenzi ikiwa imepasuka na maji yamejaa.

Balbu na LED

Hapa nitapita haraka. Balbu ya volti 24 kwenye trela ya volti 12 itawaka hafifu. Ya 12 kwenye 24 itaungua hapohapo. Balbu ya breki na paki kwa pamoja, ya wati 21 na 5, ina vijino viwili vilivyo kwenye vimo tofauti ili iingie upande mmoja tu. Ikilazimishwa, au ikiwekwa balbu ya mguso mmoja kwenye soketi ya miguso miwili, breki na paki zinaungana, na anayekufuata hatajua lini unapunguza mwendo.

Taa za LED zilizozibwa vizuri zinatufaa sana pwani kwa sababu hazina soketi ya kuota kutu. Zina mambo mawili. Zinavuta umeme mdogo, basi flasha ya zamani, kile kifaa kinachofanya indiketa ipepese, inadhani balbu imeungua na inapepesa haraka. Dawa ni flasha ya kielektroniki inayokubali LED. Pili, zinajali positivu na negativu. Kabla ya kuitupa, ijaribu moja kwa moja kwenye betri, kwa njia sahihi.

Kuunganisha kuliko imara

Kiungo kilichobanwa kwa koleo lake na kufunikwa mpira wenye gundi kinadumu. Kulehemu kunapitisha umeme vizuri, lakini hufanya waya uwe mgumu mahali lehemu inapoishia, na mtikisiko wa barabara unaukatia hapo; ukilehemu, funga waya kwenye chesisi karibu na kiungo usicheze. Kabla ya waya kuingia kwenye taa, uache ushuke kidogo kisha upande, maji yadondoke pale chini yasiufuate ndani. Viungo visiwe vingi. Kebo yenye viraka vinne inaomba kebo mpya.

Wenye trela za boti: chomoeni plagi kabla ya kuingiza trela majini, balbu zipoe, kisha mkitoka osheni taa na plagi kwa maji baridi ya bomba na muache zikauke. Kwa trela hizo waya wa shaba iliyopakwa bati unastahili bei yake.

Kabla ya kuondoka

Rudieni ule mwito wa mwanzo, injini ikiunguruma, taa moja moja na mbili mbili. Kata kichwa mpaka mwisho kushoto na kulia, mtu akitazama kama kebo inavutika au inasugua. Futa lenzi, na ufute vioo vyekundu vya kurudisha mwanga: havihitaji waya, na umeme ukikatika pale Taru usiku ndivyo pekee vitakavyomwonyesha mwenye basi kwamba mbele yake kuna trela. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inadai taa na vioo hivyo, na polisi wa barabara kuu wanajua pa kutazama.

Mwisho, chora mpangilio wa nyaya kama ulivyouacha, pini kwa pini na rangi kwa rangi, pamoja na mahali bolti za erthi zilipo. Uweke kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la vifaa la trela, na tarehe juu yake. Trela hubadilisha vichwa na madereva. Fundi atakayeifungua Voi au Malaba ataanzia pale ulipoishia wewe.